Chuo Kimoja Hakisomeki Peke Yake

Vitabu vilivyoandikwa kwa mkono vya Mji wa Kale wa Mombasa havikai rafuni. Hukaa kashani, chini ya kanzu za marehemu na hati za nyumba, au ndani ya shubaka la ukuta wa matumbawe lililofunikwa pazia. Hutoka siku warithi wanapogawana, na hapo swali huwa lile lile: hiki ni chuo gani, na cha lini? (Kwa asiyekulia pwani: chuo ni neno letu la zamani la kitabu. Madrasa nayo ikaitwa chuo, na chuo kikuu kikaja kurithi jina.) Karatasi ya kwanza imeliwa, ya mwisho haipo, na jina la mwandishi lilikuwa kwenye mojawapo ya hizo mbili. Ukikitazama chenyewe usiku kucha hakitakujibu. Inabidi ukiweke kando ya ndugu zake.

Ndugu gani? Hapo ndipo wengi hupotea. Taaluma ya hati ilikulia Ulaya, kwa vitabu vya Kigiriki na Kilatini, ikatunga maswali yake kwa kuvitazama hivyo: mtunzi ni nani, nakala ya asili ilikuwaje, nani alikosea wapi. Ni maswali mazuri, ila ukiyabeba kama yalivyo hadi huku utaona makosa pasipo makosa. Kwa bahati, upepo umegeuka. Chuo Kikuu cha Hamburg, ambako tangu zamani kuna hati za Kiswahili, sasa kina kituo kizima kinachochunguza hati za Afrika, Asia na Ulaya kwa mizani moja, bila kuifanya Ulaya kipimo cha wengine.

Kwa upande wangu nashika jambo moja: ndugu wa herufi si lazima awe ndugu wa karatasi, na ndugu wa karatasi si lazima awe ndugu wa matumizi. Kwa herufi, chuo cha Mombasa kina jamaa Timbuktu, Sumatra na kusini-mashariki mwa Madagaska. Kwa karatasi, jamaa zake wengi wako Italia ya kaskazini. Kwa namna kilivyotumika, yaani kama msaada wa kumbukumbu ya mtu ambaye tayari anayajua maneno, kinafanana zaidi na hati za Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu wa India, kuliko na kitabu chochote cha Kiarabu. Muulize ndugu wa herufi swali la karatasi, atakupotosha kwa nia njema.

Tuanze na karatasi, kwa kuwa ndiyo isiyopenda kudanganya. Kabla ya mashine, karatasi ilitengenezwa kwa matambara yaliyopondwa hadi yakawa uji, kisha uji ukachotwa kwa chekecheo la nyaya. Nyaya huacha alama: mistari myembamba iliyosongamana, na mingine iliyo mbalimbali inayoikata ile kwa pembe mraba. Weka taa bapa nyuma ya karatasi. Skrini ya simu yenye mwanga mweupe yatosha, mradi utangulize plastiki safi kati yake na karatasi. Pima kwa milimita umbali kati ya mistari iliyo mbalimbali, mahali patano tofauti, uandike vipimo vyote wala si wastani peke yake. Kisha tafuta alama ya maji, yaani picha ya mtengenezaji iliyofumwa kwa waya na isiyoonekana ila kwa mwanga wa nyuma. Mara nyingi utapata nusu yake tu, kwa sababu karatasi kubwa ilikunjwa na kukatwa. Nusu ya pili itafute kwenye karatasi pacha.

Alama inayojirudia sana katika nchi za Waislamu, kuanzia Misri hadi kwetu, ni hilali tatu kwa safu: kubwa, ya kati na ndogo. Waitaliano waliiita tre lune. Msomaji akiona hilali hukimbilia kusema karatasi imetengenezwa na Waislamu. La. Viwanda vya Italia viliitia alama hiyo kwa kuwa vilimjua mnunuzi wake. Katika karne ya 19 jina la Andrea Galvani wa Pordenone nalo hutokea kwenye karatasi zilizofika sehemu nyingi za Afrika. Karatasi ya namna hii hukupa mwaka ambao chuo hakiwezi kuutangulia. Haikuambii kiliandikwa lini baada ya hapo, maana karatasi ilikuwa ghali na iliweza kukaa dukani au kashani miaka mingi. Ukiona mistari iliyochapwa kwa rangi ya buluu, hilo ni daftari la shule, na nakala ni ya juzi hata kama utungo ni wa karne ya 18.

Hapo tofautisha tarehe mbili, ya utungo na ya nakala. Chuo cha Herekali, utendi wa vita vya Tabuki, hutajwa kwa mwaka 1141 wa Hijria. Kuugeuza, gawa 1141 kwa 33, upate takriban 34.6, toa katika 1141, ubaki na 1106.4, jumlisha 622, upate 1728.4. Sehemu hiyo ya desimali isikudanganye ukaiita mwezi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo karibu kila mara hukanyaga miaka miwili ya Miladi: 1141 ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729. Kama mwandishi hakutaja mwezi, andika 1728/29. Nimeona orodha nzuri zikiharibika kwa jambo dogo hili, kwa kuwa mtu mmoja aliandika 1728 na mwingine 1729, wa tatu akadhani ni nakala mbili.

Wino nao una lugha yake. Wa masizi hufanywa kwa masizi laini ya taa, gundi ya mgunga na maji. Hukaa juu ya karatasi, hubaki mweusi karne na karne, lakini ukiguswa na maji huondoka. Wa pili hufanywa kwa chumvi ya chuma na mmea wenye tanini, ile dawa inayolainisha ngozi. Huingia ndani ya karatasi, hugeuka kahawia, hufanya kivuli pembeni mwa herufi, na ukiwa mkali huila karatasi hadi maneno yanadondoka yakaacha madirisha. Macho yaweza kukosea kati ya hizo mbili. Kamera iliyoondolewa kichujio cha miale ya infraredi haikosei kirahisi: chini ya miale hiyo masizi hubaki meusi, na wino wa chuma hufifia hadi kutoweka.

Udhaifu wa masizi mbele ya maji ndio uliowafanya walimu wayapende. Ubao wa chuoni ulioshwa kila somo likihifadhika, Hausa na Sudan kama ilivyokuwa huku. Kombe, yaani aya za Kurani kwa wino wa zafarani, huandikwa kwenye sahani nyeupe ili lioshwe na linywewe. Maandishi mengine hayakukusudiwa kudumu, na mtafiti anayehesabu tu yaliyobaki anahesabu nusu ya kazi ya mwandishi.

Majirani zetu walitumia vitu vingine kabisa. Uhabeshi waliandika kwa ngozi, hasa ya mbuzi: hulowekwa, huwambwa kwenye fremu ya mbao kwa kamba, hukwanguliwa nyama na manyoya, husuguliwa kwa jiwe, hukaushwa ikiwa bado imewambwa. Upande wa manyoya hubaki na unjano na vitone vya vinyweleo. Upande wa nyama huwa mweupe zaidi. Waandishi walipanga karatasi ili upande wa manyoya utazamane na wa manyoya, na wa nyama na wa nyama. Ukifungua chuo cha Kihabeshi ukaona unjano umetazamana na weupe, kuna karatasi iliyopotea au iliyoongezwa hapo, hata kama hujui herufi moja ya Kigeezi. Mbao mbili nzito za jalada nazo si pambo. Ngozi ikinusa unyevu hujikunja, na mbao ndizo zinazoibana. Injili za Garima, zilizopimwa kwa kaboni zikaangukia kati ya karne ya 4 na ya 7, zimeishi kwa ngozi hiyo na kwa ukavu wa milima.

India Kusini na Sri Lanka walitumia makuti ya mitalipoti, miti ya jamii ya mnazi, na ya jamaa ya mvumo. Majani machanga huchemshwa, hukaushwa, hulainishwa, hukatwa sawa, hutobolewa tundu moja au mawili ya uzi. Mwandishi hatumii wino. Huchora kwa msumari mwembamba wa chuma, kisha hupaka masizi na mafuta na kupangusa, rangi ikabaki ndani ya mikwaruzo. Jani lililofifia linaweza kuonekana tupu na lina maandishi yote. Kosa la mgeni ni kulisugua kwa kitambaa chenye maji. Sisi mivumo tunayo, na meli za Malabar zimetia nanga hapa karne nyingi, lakini pwani ilichagua karatasi. Nadhani sababu ni msahafu: aliyejifunza kuandika alijifunza kwa kalamu ya tete, na kalamu ya tete inateleza, haikwaruzi.

Madagaska ndiko kunakonivutia kuliko kote. Waantemoro wa kusini-mashariki waliandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, katika vitabu wanavyoviita sorabe, maandishi makubwa. Karatasi waliitengeneza wenyewe kwa maganda ya mti wa havoha, wakafunika kwa ngozi ya ng'ombe. Mwandishi wao huitwa katibo, neno ambalo kwa Mswahili halihitaji tafsiri. Kwa mtu wa Mombasa, sorabe ni jamaa wa karibu kuliko hati yoyote ya Misri: lugha isiyo ya Kiarabu, kisiwa au ufuko wa bahari ile ile, na herufi za kuazima ambazo hazikushonwa kwa kipimo cha ulimi.

Na hizo herufi ndizo zenye kesi kubwa.

Kiarabu hakina p, v, ch wala g ya Kiswahili, na kina irabu tatu pale sisi tulipo na tano. Mwandishi wa zamani wa pwani aliandika p kwa be, v kwa fe, ch mara nyingi kwa shini, na kwa ghaini akaandika g, ng, ng' na gh yenyewe. Alama ya kasra ilikuwa i na e. Alama ya dhumma ilikuwa u na o. Nuni na mimu zinazotangulia d, j, g na b ziliachwa mara nyingi, kwa kuwa hazikuhesabiwa herufi bali namna ya kutamka. Sasa chukua be yenye kasra, ifuate ye ya kuvuta, kisha be nyingine yenye kasra. Waweza kusoma bibi, pipi, pepe au pembe, na zote ni halali. Ghaini yenye dhumma na wau, ikifuatwa na be ya kasra, ni gombe au ng'ombe. Ile ye na wau ya kuvuta, kwa taarifa, si irabu ndefu: waandishi wetu waliitumia kuonyesha silabi inayobeba mkazo, ya pili kutoka mwisho. Ukiijua kanuni hii utajua neno linaishia wapi hata pale ambapo mwandishi hakuacha nafasi kati ya maneno, na mara nyingi hakuacha.

Wenzetu walilitatuaje? Waajemi waliongeza nukta tatu: pe, che, na gafu yenye kijiti cha pili. Wamalei, katika khati wanayoiita Jawi, hawakufuata Waajemi kwa kila kitu; p yao ni fe yenye nukta tatu juu, na ng yao ni aini yenye nukta tatu juu. Wahausa walifanya jambo la werevu. Waliisoma Kurani kwa riwaya, yaani njia ya usomaji, ya Warshi, ambayo ina imala, yaani a inayoelekea e, na katika misahafu yao imala huonyeshwa kwa kitone chini ya herufi. Wakakitwaa kitone hicho kuandika e ya Kihausa. Pwani yetu inasoma kwa riwaya ya Hafsi, ambamo imala hutokea mahali pamoja tu, katika Sura ya Hud. Kitone hakikuwa mkononi mwa mwandishi, na e ikaendelea kujificha chini ya kasra. Karne ya 20 waandishi wengi wa Mombasa na Lamu walizichukua pe na che, na wengine wakabuni alama za irabu. Kwa hiyo chuo chenye pe ya nukta tatu kila mahali huwa kipya kuliko chenye be tupu. Huwa, sisemi lazima: mzee aliyejifunza kwa mtindo wa kale aliweza kuandika be tupu mpaka kufa kwake, redio ikilia dirishani.

Tahadhari nyingine ni kwa anayetoka hapa kwenda kusoma hati za Timbuktu au Kano. Huko fe ina nukta moja chini, na qafu ina nukta moja juu. Neno la kwanza la kitabu mara nyingi ni qala, amesema. Msomaji wa Mombasa ataliona kama fala, na kuanzia hapo kila kitu kitakwenda mrama. Si kosa la mwandishi. Ni mkono wa Magharibi, na sisi tulirithi wa Mashariki.

Lahaja inaingia hapa pia, na ndipo wanaonukuu kwa herufi za Kilatini huharibu zaidi. Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu husema mato, si macho, na ndia, si njia. Barabara ya Ndia Kuu inatukumbusha kila siku. Ndia ikiandikwa kwa mtindo wa kale, nuni ikaachwa, kilichobaki karatasini ni dia. Mnukuzi aliyelelewa na Kiswahili sanifu atasoma dia, malipo ya damu, na ubeti wa safari utageuka ubeti wa mauaji. Mwingine atasahihisha mato kuwa macho, akidhani anamsaidia mtunzi, na kwa kufanya hivyo anavunja kina. Utaratibu unaofaa ni kunukuu mara mbili. Kwanza herufi kwa herufi, be ibaki b hata kama unajua ni p, kasra ibaki i. Kisha mstari wa pili wa usomaji wako. Ukiandika wa pili peke yake, atakayekuja baadaye hawezi kujua wapi ilisema karatasi na wapi ulisema wewe.

Pale neno linapokataa, vina na mizani husaidia. Katika vina vya ubeti ule tafuta neno moja lisilo na utata, ulifanye shahidi. Kama mwenzake ni kiumbe na haliwezi kusomwa vingine, basi lile la be na kasra linaishia -mbe, si -bi. Kisha hesabu mizani. Kipande cha utendi kina mizani nane. Kikipatikana saba, umeimeza mimu au nuni inayohesabiwa silabi, kama ya mtu na nchi.

Ubeti wa utendi una vipande vinne: vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina kinachorudi tangu mwanzo hadi mwisho wa utendi. Katika vyuo vingi vya pwani ubeti mzima uliandikwa mstari mmoja, vipande vikatenganishwa kwa alama ndogo, mara nyingi nyekundu. Inapendeza, na ina mtego wake. Mistari yote ya ukurasa inaishia kwa silabi ile ile. Mnakili akiinua macho kuchovya kalamu, akirudi aliona mwisho wa mstari mwingine wenye kina hicho hicho, na beti mbili tatu zikapotea bila alama. Kwa hiyo unapolinganisha nakala mbili usianze na maneno. Hesabu beti za kila ukurasa, uone pengo liko wapi na lina ukubwa gani. Pengo la ubeti mmoja au miwili lina harufu ya jicho lililoruka. Pengo linalolingana na ukurasa mzima ni karatasi iliyodondoka.

Karatasi hudondoka kila mahali duniani, na kila watu walikuwa na kinga yao. Afrika Magharibi waliziacha bila kushonwa, zimelala tu ndani ya jalada la ngozi linalofungwa kwa kamba; kinga yao ilikuwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, lililoandikwa chini ya ukurasa unaotangulia. Majani ya mtalipoti yalishikwa na uzi, na uzi ukikatika hubaki namba za pembeni peke yake. Watibeti huandika namba ya karatasi kwa maneno, kushoto. Vyuo vyetu vilishonwa kwa mafungu na vikawa na lile neno la chini pia, kinga mbili, na bado mende walishinda uzi na fundi wa kubandika jalada upya akakata ncha ya chini ili kingo zilingane, neno likaenda na vipande. Kila unaposhika chuo kilichojaladiwa upya, tazama kwanza kama ukingo wa chini umekatwa. (Neno kurasa lenyewe limetoka kwenye kurrasa ya Kiarabu, fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja. Tulilichukua fungu tukalifanya pande.)

Kuhusu maneno yenyewe kutofautiana kati ya nakala, nitasema kinachowaudhi baadhi ya wasomi. Mbinu ya Ulaya ya kuchora ukoo wa nakala, mzazi na mtoto kwa makosa wanayoshiriki, inafaa vitabu vya fiqhi na sarufi vilivyonakiliwa neno kwa neno. Haifai vizuri kwa tendi na mashairi. Mnakili wa utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1275 Hijria, yaani 1858/59, mara nyingi aliujua kwa moyo, au alikaririwa na dada yake ukumbini. Akiandika, kichwa chake kilikuwa kitabu cha pili. Nakala zake hazilingani kwa idadi ya beti, na kutolingana huko hakumaanishi kwamba kuna moja safi na nyingine chafu. India wanalijua jambo hili: Veda zilihifadhiwa kwa ukariri wenye mbinu kali za kurudia maneno mbele na nyuma, na msomaji aliyehitimu ndiye anayeisahihisha hati, si hati inayomsahihisha yeye.

Muyaka wa Mombasa ni mfano wa karibu zaidi. Alifariki karibu 1840. Mashairi yake mengi yaliishi midomoni mwa watu wa mji mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya, na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor, aliyefika hapa 1880, akayapokea pamoja na maelezo. Karatasi hizo leo ziko chuo kikuu cha SOAS, London, na diwani ilipigwa chapa 1940. Mtu anayeuliza Muyaka aliandika nini hasa anauliza swali ambalo njia yenyewe hailijibu. Lenye jibu ni hili: watu wa Mombasa, miaka arobaini na zaidi baada yake, walikubali lipi kuwa lake, na Mwalimu Sikujua alilieleza vipi. Maelezo yale ya pembeni yana thamani sawa na mashairi, na wahariri huyakata ili ukurasa upendeze.

Vyuo vilivyochakaa vilikwenda wapi? Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Kairo Wayahudi waliziweka katika chumba cha sinagogi ya Ben Ezra. Vipande zaidi ya 190,000 sasa viko Cambridge, na ndani yake mna barua za wafanyabiashara wa Bahari Hindi. San'a, Yemen, mafundi walizikuta juu ya dari ya Msikiti Mkuu mwaka 1972. Dunhuang, China, pango lilizibwa karne ya 11 na kufunguliwa 1900. Pote ni ukavu. Mombasa tungezika au kuweka darini vivyo hivyo, na masika moja ingetosha.

Ndiyo maana ushauri wa kuhifadhi ulioandikwa kwa nchi kavu hautufai wote. Ukungu huota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70, na hapa hupita kiwango hicho mara nyingi. Hati za Timbuktu zilipotoroshwa 2012 hadi Bamako ziliokoka moto, zikakutana na hewa yenye unyevu ambayo hazikuizoea. Kwetu adui si unyevu peke yake bali hewa iliyosimama. Kasha lililobanwa kwenye ukuta wa matumbawe ni mahali pabaya kuliko rafu iliyo wazi, kwa kuwa ukuta unanyonya maji kutoka chini. Lisogeze kasha sentimita kumi kutoka ukutani na uliinue kwa vigogo. Lifungue mchana wa kaskazi, usilifungue masika. Chuo kilicholowa kisianikwe juani: jalada litapinda na gundi itapasuka. Tia karatasi nyeupe zisizo na maandishi kati ya kurasa, chache kwa wakati, badilisha kila saa mbili tatu, na feni iwe mbali, ikipuliza chumba wala si kitabu. Kama wino wa masizi umelowa, usibonyeze kabisa.

Vidonge vya naftalini viacheni. Mvuke wake unamdhuru anayelala chumba kile. Wadudu wakiwa ndani ya karatasi, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili huwaua, chuo kikiwa ndani ya plastiki iliyofungwa bila hewa; kikitolewa, plastiki isifunguliwe mpaka kipite kutwa nzima, la sivyo umande wote utaangukia karatasini. Njia hii ni ya vyuo vya karatasi. Vyenye majalada ya ngozi yaliyokauka mwulize kwanza mtaalamu. Selotepu ni balaa kubwa zaidi, maana inabandikwa kwa mapenzi. Baada ya miaka michache gundi yake hugeuka njano, huzama, na ukiivua inaondoka na maandishi. Afadhali pasuko libaki pasuko.

Kupiga picha ndiko kunakoweza kufanywa leo, na vyuo vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha kwa mpango wa British Library wa hifadhi zilizo hatarini. Nyumbani simu nzuri yafaa ikishikiliwa na kistendi, mwanga wa dirishani kutoka upande mmoja, rula na kadi ya rangi ndani ya picha ya kwanza. Usikilaze chuo kikafunguka kabisa. Kiegemeze kwa mito miwili kifunguke pembe ya kama nyuzi 100. Mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, ambazo huzuia vidole kuhisi karatasi, tena huchana kingo. Anza kulia. Kila karatasi ina upande a na b, na katika chuo chetu upande a ni ule unaouona kushoto pakifunguliwa. Fundi wa picha aliyezoea vitabu vya Kizungu atageuza hilo bila kujua, na programu yake itapanga chuo kizima kinyumenyume. Piga picha hata karatasi tupu, na ndani ya majalada, na vile vipande vilivyokunjwa katikati: risiti ya kiunga, hesabu ya mahari, jina la aliyekiweka wakfu. Visitolewe hapo kabla ya picha, kwa kuwa mahali vilipokutwa huenda ndiko kulikobaki ushahidi pekee wa nani alikuwa akisoma ukurasa ule.